Uchafuzi Usio na Bomba: Mtaro wa Nandagala na Sisi Tutakaouchora

Muulize mwanachuo yeyote anayepita Utawala sasa hivi: nani anachafua maji ya nchi hii? Tisa kati ya kumi watakujibu "viwanda". Wa kumi atasema "wachimbaji". Kichwani mwetu uchafuzi una picha moja tu: bomba limetoka ukutani, linamwaga maji meusi mtoni, na mwenye bomba anajulikana. Ukimkamata huyo, umemaliza kazi.

Sasa ichukue picha hiyo uende nayo Nandagala. Ni kata ya Wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi, upande ambao wazee bado wanauhesabu Nachingwea kwa sababu zamani wote walikuwa wilaya moja. Ni nchi ya korosho, ufuta, mbaazi na mihogo. Nilikaa huko wiki sita kwa mjomba wangu wakati wa fildi ya mwaka wa tatu, na kwa wiki zote sita sikuona bomba hata moja la kiwanda likimwaga uchafu kwenye korongo. Lakini maji ya kuchota, msimu wa mvua ulipoanza, yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Hoja yangu katika makala hii ni fupi. Maji ya sehemu kama Nandagala hayachafuliwi na mtu mbaya mmoja. Yanachafuliwa na mvua inayopita juu ya ardhi tuliyoipanga vibaya, na mpango huo huchorwa ofisini na watu waliosoma: afisa mipango, mhandisi wa barabara, mhandisi wa maji. Hao ndio wa kufundishwa kwanza. Na hao, wanachuo wenzangu, ndani ya miaka miwili mitatu ni sisi.

Uchafuzi usio na mwenyewe

Kusini kule mvua ni za msimu mmoja. Huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili au Mei. Katikati kuna miezi sita hivi ya ukame, na ndani ya miezi hiyo ardhi haikai bure. Inajikusanyia.

Kuanzia Juni wakulima wanapuliza salfa ya unga kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga. Sehemu ya unga huo hushika kwenye majani na maua, sehemu nyingine huanguka chini. Mbuzi na ng'ombe wanapita, wanaacha samadi njiani. Bodaboda wanabadilisha oili kijiweni, na oili chafu inamwagwa palepale. Septemba na Oktoba watu wanasafisha mashamba kwa moto, majivu yanabaki juu ya udongo mtupu. Vyoo vya shimo vimejaa. Takataka za gulio zimekaa mahali pake.

Halafu inakuja mvua ya kwanza. Udongo umekauka na kuwa mgumu, hauna nyasi za kuuzuia, kwa hiyo maji hayazami upesi, yanatiririka. Mvua hiyo ni ufagio. Ndani ya saa moja inakusanya uchafu wa miezi sita na kuupeleka bondeni. Wataalamu wa maji duniani kote wanalijua jambo hili: maji ya mwanzo ya msimu ndiyo machafu kuliko yote. Baada ya mvua tatu nne kubwa, uso wa ardhi umeoshwa, na maji yanaanza kupata nafuu.

Ubaya ni kwamba wakati huohuo ndio watu wana kiu zaidi. Visima vimeshuka, visima vya pampu vinatoa ndoo kwa kusuasua, na watu waliokuwa wakichimba mchanga wa korongo kupata maji wanafurahi kuona lambo limeanza kujaa. Yaani maji machafu kuliko yote ya mwaka yanafika siku ambayo watu wanayasubiri kwa hamu kuliko zote. Ukitaka kujua kwa nini zahanati za vijijini hupokea watoto wengi wenye kuhara mvua zinapoanza, anzia hapo.

Tusidhani pia kwamba kila kinachobebwa ni kinyesi na matope. Salfa ikikaa udongoni, vijidudu vya udongo huigeuza polepole kuwa tindikali. Mbolea ikifika kwenye lambo lililotuama inalisha mwani, na maji yanageuka kijani. Oili inatandaa juu ya maji. Na hata matope matupu, ambayo watu wengi hawayahesabu kuwa uchafu, hubeba vijidudu vya maradhi vilivyojishika kwenye chembe za udongo, huziba chujio za mitambo na kulijaza lambo mchanga mpaka likawa uwanja wa mpira.

Sasa nani ashtakiwe? Mwenye mbuzi wawili? Fundi bodaboda? Mjomba wangu na salfa yake? Kila mmoja ametoa kidogo, na kidogo hicho peke yake hakimdhuru mtu. Ndiyo maana uchafuzi huu nauita usio na bomba. Mgodi wa madini ya kinywe wa Ruangwa una uzio, una jina, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaudai tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kazi kuanza. Hata wachimbaji wadogo wa dhahabu, pale wanapotumia zebaki, wana mahali unapoweza kwenda kuwakuta. Mtaro wa barabara ya mtaa hauna hata kibao.

Hesabu ya kilomita moja

Tuache maneno, tupige hesabu kidogo. Haihitaji kompyuta.

Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Sasa chukua barabara ya lami yenye upana wa mita 6 na urefu wa kilomita 1. Hizo ni mita za mraba 6,000. Ikinyesha mvua ya milimita 30, ambayo kwa Lindi ni mvua ya kawaida ya mchana mmoja, barabara hiyo imepokea lita 180,000. Lami hainywi maji. Tukisema asilimia 90 yanatiririka, ni lita 162,000, sawa na maboza 16 ya lita elfu kumikumi. Eneo lilelile likiwa na miti na nyasi, mvua hiyohiyo ingetiririsha robo yake au chini ya hapo, na mengine yangezama kulisha visima.

Kabla ya barabara, maji hayo yalitawanyika. Yalipita taratibu kwenye majani, yakaacha mchanga hapa, samadi pale. Barabara inapokuja inayakusanya yote kwenye mtaro, na mtaro umetengenezwa kwa kazi moja: kuyaondoa upesi. Hapo ndipo penye fundo la makala hii.

Wenzangu wa uhandisi mnaijua kanuni tunayoifanyia majaribio tangu mwaka wa pili: kiasi cha maji ya kutiririka ni zao la aina ya ardhi, ukali wa mvua na ukubwa wa eneo. Ukipata jibu unachagua ukubwa wa kalavati, unahamia swali la pili. Kanuni ni nzuri, imejenga dunia. Lakini angalia inachouliza. Inauliza maji ni mengi kiasi gani. Haiulizi yamebeba nini, wala haiulizi yakishatoka kwenye kalavati yanakwenda kwa nani. Barabara isipokatika, mhandisi amefaulu. Maji yakifika kisimani na oili, hilo si somo lake.

Huko Ruangwa niliona sehemu moja, sitaitaja wala sitamtaja mkandarasi wake, ambapo mtaro mpya ulikuwa umenyooshwa vizuri kabisa, mawe yamepangwa, saruji safi, picha ya kuweka kwenye ripoti. Mwisho wake ulikuwa mita chache tu juu ya mahali ambapo akina mama wanachota maji. Mjomba aliutazama akasema, "Barabara imepona, kisima kimeugua." Sijasikia mhadhara uliolieleza jambo hili vizuri zaidi ya hapo.

Na hapa sheria yenyewe inaonyesha tundu. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira kinakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, bwawa au ziwa. Kila afisa ardhi anaifahamu hiyo mita 60. Maana yake ni kwamba ukanda ule wa majani uchuje maji kabla hayajafika mtoni. Lakini mtaro unaupita ukanda huo moja kwa moja, kama mtu aliyekata tiketi ya mwendokasi. Unaweza kuzuia nyumba zote na mashamba yote ndani ya mita 60, halafu mtaro mmoja ukaleta uchafu wa kijiji kizima bila kugusa jani hata moja.

Ofisi tatu, korongo moja

Kwa nini mtaro na kisima visijuane? Kwa sababu wachoraji wao hawakai ofisi moja.

Zamani kidogo, mhandisi wa barabara, mhandisi wa maji na afisa mipango wa wilaya wote walikuwa chini ya mkurugenzi mmoja wa halmashauri. Walikuwa wanaweza kugombana, lakini waligombana kwenye korido moja. Mwaka 2017 barabara za vijijini na mijini zilihamishiwa TARURA. Mwaka 2019 Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ikaanzisha RUWASA, na maji ya vijijini yakatoka halmashauri. Barabara kuu ziko TANROADS. Usimamizi wa mito na vyanzo uko Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, ambayo makao yake ni Mtwara. Mipango ya matumizi ya ardhi imebaki halmashauri na kwenye mkutano mkuu wa kijiji.

Sisemi mabadiliko hayo yalikuwa mabaya. Yalikuwa na sababu zake, na miradi mingi imekwenda kasi kwa ajili yake. Ninachosema ni kwamba korongo halikusomewa muundo huo mpya. Linapokea maji ya barabara, ya shamba, ya gulio na ya paa la shule yote kwa pamoja, huku kila ofisi ikiwa na bajeti yake, mchoro wake na mwaka wake wa utekelezaji. Mmoja anachimba kisima Februari, mwingine anauelekeza mtaro pale Agosti. Wote wamefanya kazi yao sawasawa.

Na hili lina haraka. Ruangwa ya leo si ile ya kuegesha baiskeli. Barabara ya Nanganga–Ruangwa ni ya lami, mji unapanuka, viwanja vinapimwa, kuna uwanja wa mpira wa Namungo, kuna madini. Kuna mradi mkubwa wa kuvuta maji kutoka Mto Nyangao kwa ajili ya vijiji vya Ruangwa na Nachingwea. Bomba hilo ni jema, lakini litakunywa kile ambacho bonde lake limepokea. Wilaya yenyewe imekaa kati ya mito miwili mikubwa: Mbwemkuru upande wa kaskazini na Lukuledi upande wa kusini, yote ikiishia Bahari ya Hindi. Kwa hiyo kila mtaro unaochorwa Ruangwa unampelekea mtu mwingine maji yake.

Miji ikishajengwa vibaya, kurekebisha ni ghali. Dar es Salaam tumeona. Karakana ya mabasi ya mwendokasi iliwekwa Jangwani, kwenye bonde la Mto Msimbazi, na mafuriko yakaifuata mara kwa mara. Mwaka 2018 ilibidi wapangaji, wahandisi, watafiti na wakazi wa bondeni wakae pamoja kwa miezi kadhaa kuuchora upya mpango wa Msimbazi, na utekelezaji wake umehitaji mkopo mkubwa na kuhamisha maelfu ya watu. Kikao kile kilikuwa shule nzuri kwa kila aliyehudhuria. Lakini ni shule iliyofunguliwa baada ya mji kujaa. Nandagala bado ina nafasi ya kuifungua mapema.

Tumfundishe nani?

Kwenye nchi yetu, likitajwa neno "elimu ya mazingira", macho yote yanamgeukia mkulima. Anaitiwa semina, anapewa fulana, anaambiwa asilime bondeni. Historia inatuonya tusianzie hapo peke yake.

Kwenye milima ya Uluguru, wakati wa mkoloni, wataalamu waliona udongo unamomonyoka na kuchafua mito. Hilo waliliona sawa. Dawa yao ilikuwa kuwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi, kwa amri na faini, bila kuuliza kama udongo ule unayakubali wala nani atalipwa kwa jasho lile. Mwaka 1955 vurugu zikazuka Matombo, na mradi ukafa. Waliofundishwa ni wakulima. Waliohitaji kufundishwa ni waliochora mradi.

Nachingwea nayo ina kumbukumbu yake. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Reli ikajengwa kutoka Mtwara, matrekta yakafyeka msitu, na yote yakapangwa na watu waliokuwa na hesabu nzuri za tani na ekari kuliko za mvua na udongo wa mahali penyewe. Mwaka 1951 serikali yao ilikubali kwamba mradi umeshindwa. Wahandisi wa mashine zile hawakuwa wajinga. Walikuwa hodari kwenye somo ambalo halikuwa lote.

Connecticut, 1991

Mfano wa kufundisha watu sahihi nimeupata mbali, lakini unatuhusu. Jimbo la Connecticut nchini Marekani lina halmashauri ndogondogo, na kila moja inaamua yenyewe viwanja vikae wapi na barabara ipite wapi. Wajumbe wengi wa kamati hizo ni watu wa kujitolea: mwalimu, mwenye duka, mstaafu. Sheria ya maji safi ya mwaka 1972 ilikuwa imefaulu kuyabana mabomba ya viwanda, lakini mito iliendelea kuugua. Sababu ilikuwa hii tunayoizungumza: maji ya mvua juu ya lami na mapaa.

Mwaka 1991 Chuo Kikuu cha Connecticut kupitia maofisa ugani wake kikaanzisha mpango wa kuwafundisha maofisa wa halmashauri, unaojulikana kwa kifupi NEMO. Hawakuanza na kemia ya maji. Walikwenda kwenye vikao vya jioni na ramani za rangi: hapa ndipo mto wenu, hapa ndipo lami yenu ya leo, na hivi ndivyo itakavyokuwa mkijenga kila kiwanja ambacho sheria yenu inaruhusu. Wakawaachia kipimo kimoja rahisi, yaani asilimia ya eneo lililofunikwa na kitu kisichonywa maji. Utafiti ulikuwa umeonyesha kwamba kijito huanza kudhoofika eneo hilo likifika karibu asilimia 10, na likipita 25 hali yake huwa mbaya. Mjumbe asiyejua nitrojeni ni nini anaweza kuishika namba hiyo na kuuliza swali la maana kwenye kikao. Mpango ulipendwa, majimbo mengine yakauiga.

Namba zile ni za huko, na sitaki tuzibandike Ruangwa kama stika. Vijiji vyetu havifiki asilimia 10 ya lami. Tatizo letu kubwa ni udongo mtupu, njia za mifugo na mitaro isiyo na mwisho mzuri. Lakini mbinu yao inahamishika: mfuate anayeamua, mpelekee ramani ya kwake, mfundishe ardhi kabla ya maji, tumia muda mfupi.

Masomo matano ya siku moja

Tuseme tumepewa siku moja kwenye ukumbi wa halmashauri. Wamekaa afisa mipango, watu wa TARURA na RUWASA, mtu wa Bonde kutoka Mtwara, maafisa ugani, diwani, mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, na mama mmoja anayejua kila kisima. Mimi ningefundisha haya.

La kwanza, tone linaenda wapi. Kila mchoro uanze na mipaka ya kidakio, yaani eneo lote ambalo maji yake yanaishia sehemu moja. Mipaka ya kijiji iliwekwa na watu, ya kidakio iliwekwa na vilima. Wazee watausahihisha mchoro wa kompyuta ndani ya dakika kumi, kwa sababu wao wameyaona maji yakipita.

La pili, mtaro usiishie kwenye maji. Badala ya kuyabeba maji kilomita nzima na kuyatua mtoni, yatolewe pembeni mara kwa mara, kidogokidogo, kwenye majani na mashamba. Mteremko ukiwa mkali, matoleo yawe karibukaribu. Ndani ya mtaro viwekwe vizuizi vidogo vya mawe kupunguza kasi, na kingo zipandwe nyasi. Kwa wenzetu wa Makueni nchini Kenya, wakulima wamejifunza kuyaelekeza maji ya barabara kwenye matuta ya mashamba yao, na wahandisi wa barabara wamehusishwa. Maji yaliyokuwa kero yakawa mahindi.

La tatu, mchanga ukamatwe kabla ya lambo. Shimo la kutuamisha mchanga mbele ya lambo, lenye nafasi ya kuingia na koleo, linaongeza maisha ya lambo kuliko fensi. Lakini liwe na mwenyewe: nani atalizoa, lini, kwa fungu gani.

La nne, mpangilio wa kijiji. Josho, gulio, machinjio na gereji visikae juu ya chanzo cha maji. Choo na kisima viachane angalau mita 30, na choo kisiwe upande wa juu wa mteremko. Haya hayagharimu kitu kama yakichorwa kabla. Yakichorwa baada, yanagharimu kuhamisha watu.

La tano, paa na shamba. Paa la shule lenye mita za mraba 100 kwa mvua ile ya milimita 30 linatoa lita 3,000 ambazo hazijagusa ardhi, na ukiziacha zimwagike zinachimba korongo nyuma ya darasa. Shambani, makinga maji yanayofuata kontua, matandazo badala ya moto, na kupuliza salfa kwa kipimo na wakati ambao wataalamu wanaelekeza. Huku ndiko bwana shamba anakoingia, na kupitia vyama vya msingi vya korosho anawapata wakulima wengi kwa pamoja. Lakini mkulima anafundishwa akiwa mshiriki, huku akiona barabara ya serikali nayo imefanya sehemu yake.

"Hakuna fungu"

Nilipokuwa fildi niliwauliza maofisa wachache kwa nini mambo haya hayafanyiki. Hakuna aliyebisha kwamba ni ya kweli. Jibu lilikuwa "hakuna fungu", na lingine, la uaminifu zaidi, "haimo kwenye vigezo vyangu".

Kwenye fungu, nakubali nusu. Saruji inataka pesa. Ila kuuelekeza mwisho wa mtaro kushoto badala ya kulia kunataka mtu ajue tu kwamba kulia kuna kisima. Siku moja ya kukagua njia kwa miguu, mhandisi wa barabara na wa maji pamoja, ni bei ya mafuta ya gari ambalo lingekwenda hivyohivyo.

Kwenye vigezo nakubali kabisa. Mtu anafanya anachopimwa nacho. Kama mkaguzi anapima urefu wa mtaro na ubora wa zege, utapata mtaro mrefu wa zege bora. Ndiyo maana mafunzo peke yake hayatoshi mpaka swali moja liingie kwenye fomu ya kukagua mradi: maji haya yanaishia wapi, na kuna nani pale? Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 tayari inazitambua kamati za vidakio na jumuiya za watumia maji. Kinachokosekana ni kuwaweka mezani siku mchoro unapopitishwa, badala ya siku ya kuzindua mradi.

Zamu yetu

Sasa ebu tujitazame. Mtu wa mipango miji anamaliza miaka yake hajawahi kuhesabu lita moja ya maji ya mvua. Mtu wa uhandisi anamaliza hajawahi kuhudhuria mkutano mkuu wa kijiji. Mtu wa kilimo anajua salfa, hajui kalavati. Tunakutana kantini na kwenye foleni ya boom, hatukutani kwenye mchoro. Halafu tunaajiriwa wilaya moja, na kila mtu anakuja na desa lake.

Napendekeza mambo mawili ambayo serikali yetu ya wanafunzi inaweza kuyapigania bila kusubiri mtaala ubadilike.

Moja, fildi za pamoja. Idara zituruhusu kwenda wilaya moja kwa vikundi vya watu watatu: mmoja wa mipango, mmoja wa uhandisi, mmoja wa kilimo au mazingira, na ripoti moja ya pamoja kuhusu kidakio kimoja kidogo. Tukiiacha ramani hiyo kwa halmashauri na kwa mtendaji wa kijiji, tutakuwa tumewaachia kitu chenye kazi kuliko nakala ya ripoti inayokula vumbi maktaba.

Mbili, ukurasa mmoja wa ziada. Hata kama idara haijakubali, kila anayekwenda fildi ya barabara, ujenzi, upimaji au maji mwaka huu aongeze ukurasa mmoja kwenye kitabu chake cha kazi: fuata mtaro mmoja kwa miguu kutoka mwanzo mpaka mwisho, andika ulichokiona njiani, andika unaishia wapi, na ongea na mtu mmoja anayechota maji hapo chini. Haichukui zaidi ya asubuhi moja. Msimamizi wako akiuliza umekitoa wapi kipengele hicho, mwambie unajifunza kazi.

Fomu za fildi zinafunguliwa hivi karibuni. Wengi mtakimbilia Dar, Dodoma na Arusha, nawaelewa. Ila Ruangwa ina nafasi, mabasi ya kusini yapo, na mvua za Novemba zitafika kama kawaida. Wanaotaka kuunda kikundi cha watu watatu wakutane Jumamosi baada ya baraza la wanafunzi. Mje na ramani ya kwenu, hata ya kuchora kwa mkono.